Kipuri cha Helikopta: Chuma au Upanga?

Mafakihi wa madhehebu ya Hanafi walitofautisha kuuza silaha na kuuza chuma. Katika kitabu cha Al-Hidaya, kilichoandikwa na Burhan al-Din al-Marghinani, aliyefariki mwaka 1197, kumuuzia silaha mtu wa fitina, yaani mwenye kuasi na kuvunja amani ya umma, ni kumsaidia katika maasi, na kwa hiyo ni makuruhu, jambo lichukizalo kisheria. Lakini kumuuzia chuma hakukatazwi, kwa kuwa maasi hayamo katika chuma mpaka kipite kwenye moto na nyundo ya mhunzi. Kipuri cha helikopta ya mashambulizi, ambayo imeundwa kubeba bunduki na makombora wala si abiria, kinasimama mahali pagumu katikati ya viwili hivyo.

Helikopta ya Cobra ya kampuni ya Bell ya Marekani, iliyopelekwa Vietnam mwaka 1967, ilirithi kutoka kwa Huey, helikopta ya awali ya kampuni hiyo hiyo, muundo wa mapanga mawili ya juu yanayoshikiliwa kwenye mhimili wake na nati moja. Wanajeshi waliiita nati ya Yesu, kwa maana kwamba ikiachia angani, rubani hana mwingine wa kumwita. Nati hiyo haina baruti wala haimlengi mtu, na kwanza kabisa inalinda roho za waliomo ndani. Muuzaji wake anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba ameuza chuma. Hoja hiyo ina uzito kuliko wapinzani wengi wa biashara ya silaha wanavyokiri, ila inasahau kwamba mafakihi hawakupima umbo la kitu, bali kazi iliyobaki kati ya kitu hicho na maasi. Chuma kinamngoja mhunzi. Nati inangoja spana tu.

Tena, vipuri vingi vya helikopta vina umri unaohesabiwa kwa saa za kuruka, hata agizo jipya huwa lenyewe ni ushahidi kwamba mashine imefanya kazi. Aliyeuza helikopta miaka kumi iliyopita anaweza kudai kwamba hakujua itatumiwaje. Anayepeleka kipuri leo, habari za vita zikiwa zimekwisha kumfikia, hana udhuru huo, kwa kuwa ridhaa yake anaitoa upya kila shehena inapoondoka.

Je, anayenyima kipuri amesalimika? Iran ya Shah ilinunua Cobra 202, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 Marekani ikaacha kuipelekea vipuri, kiasi kwamba Iraki ilipoivamia nchi hiyo Septemba 1980, mafundi walivua vifaa vya helikopta moja ili nyingine iruke kuwakabili wavamizi. Kunyima huko kulimwangukia aliyeshambuliwa, na hakuwezi kuitwa kujitenga na vita. Mwaka 1982 majeshi ya Iran yalivuka mpaka na kuingia Iraki. Na ni baada ya hapo, mwaka 1985 na 1986, ndipo Marekani ilipoiuzia Iran kwa siri vipuri vya mitambo ya kutungulia ndege pamoja na makombora ya TOW, ambayo baadhi ya Cobra zile ziliundwa kuyabeba, ikitaraji mateka wake walioshikiliwa Lebanoni waachiliwe.