NENO LA MWEZI: WATU WA MJI KATIKATI YA MBUZI

Tunamshukuru Mungu kwa mvua iliyonyesha, na kwa maharage yaliyoota hata katika parseli zile zenye mawe. Wagonjwa wetu tunaendelea kuwaombea.

Mwezi huu tunataka kusema juu ya mbuzi. Tunajua wengine watasema hilo si neno la madhabahuni. Lakini tangu msaada wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, na tena mwaka 2025, nyumba nyingi za kanisa letu zimeanza kufuga. Mmoja alinunua mbuzi kwa fedha za kikundi cha akiba, mwingine kuku watatu, mwingine amepewa nguruwe amtunze kisha wagawane watoto. Na sisi wengi wetu hapa Nakivale ni watu wa mji. Tulitoka Goma, Bukavu, Uvira, Bunia. Tulikuwa walimu, madereva, mafundi cherehani, wauza vitenge wa Birere. Sisi wa Goma tumezoea kukanyaga mawe ya volkano, na mzigo wetu ulibebwa na chukudu, si na punda. Mbuzi tulimjua akiwa tayari juu ya moto. Sasa tumeletwa katika wilaya ya Isingiro, nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu, ambako mtoto wa miaka saba wa mwenyeji anajua kuchunga kuliko baba zetu.

Hata sisi tunaoitwa wachungaji, tulisoma chuo cha Biblia, tukafundishwa Zaburi ya 23 kwa wiki nzima, lakini hakuna kondoo aliyeingia darasani.

Jambo linalotusumbua kwanza ni aibu. Tumewasikia ndugu wakisema, "Mimi nilikuwa na duka, leo niamke kufagia mavi ya mbuzi?" Maneno hayo yana uchungu wa kweli ndani yake, wala hatuwacheki. Mtu aliyepoteza nyumba, kazi na jina lake hapendi kupewa kamba mkononi. Lakini hebu tumtazame Musa. Alilelewa katika nyumba ya binti Farao. Tukisoma Mwanzo 46:34 tunaona Wamisri walikuwa wakiwachukia wachungaji wa mifugo, hata Yusufu alilitumia jambo hilo ili ndugu zake wapewe nchi yao peke yao. Basi Musa alikulia katika ikulu ya watu wanaomwona mfugaji kama uchafu. Halafu akakimbia. Alikuwa mkimbizi kama sisi, akafika Midiani, akakaa penye kisima (Kutoka 2:15). Binti za kuhani walipomwona walisema nyumbani kwamba ni Mmisri, labda kwa sababu mavazi yake na mdomo wake vilikuwa bado vya mji.

Na tukifika Kutoka 3:1 tunamkuta anachunga kundi. Tena si kundi lake, ni la mkwe wake. Matendo 7:30 inatuonyesha kwamba miaka 40 ilipita pale. Biblia haisemi ni nani aliyemfundisha Musa kuchunga. Lakini soma vizuri Kutoka 2:16, utaona waliokuwa wakinywesha kundi lile ni wale binti saba. Sisi tunaamini ni hao waliomfundisha. Msomi wa Misri alifundishwa na wasichana wa kisimani jinsi ya kumshika mnyama mwenye mimba, na wapi pana majani wakati wa kiangazi. Na fimbo aliyokuwa nayo mkononi Mungu alipomwita ilikuwa ile ya kazi hiyo.

Wengine hawana aibu ila wana haraka. Wanasema, "Kwa nini nijenge zizi? Mwaka huu tunaondoka." Wapo wanaongojea ndege tangu miaka mingi. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, tuliwaona baba na mama waliokwisha kuuza vyombo vyao vyote wakirudi kukaa katika nyumba isiyo na hata sufuria. Hilo ni jambo la kulia pamoja, wala hatuna maneno mepesi ya kuwaambia. Tunasema tu kwamba barua ya Yeremia sura ya 29 iliandikwa kwa watu wa namna hii. Mstari wa 2 unataja waliochukuliwa kutoka Yerusalemu, nao walikuwa wakuu, mafundi na wahunzi. Hao ni watu wa mji! Katika 2 Wafalme 24:14 tunasoma kwamba waliochukuliwa walifika 10,000, na waliobaki ni maskini wa nchi, ndio wakulima. Watu hao wa mji ndio Mungu aliowaagiza kujenga nyumba na kupanda bustani. Na katika sura ya 28 alikuwepo nabii Hanania aliyewaambia ni miaka miwili tu watarudi. Unabii wake ulipendwa sana, lakini haukutoka kwa Bwana. Kupanda bustani hakukuwafutia safari ya kurudi. Vivyo hivyo mwenye kujenga zizi la mbuzi hajaifunga faili yake.

Sasa tuje kwa mnyama mwenyewe. Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Maandiko hayakusema anamtambua kwa sauti yake katika kuomba. Na Mithali 27:23-27 inatuagiza tuijue hali ya kundi letu, kisha inaeleza faida zake: mbuzi analipa thamani ya shamba, na maziwa yake yanatosha nyumba nzima. Kuijua hali yake ni kazi. Mbuzi akifungwa penye jua kutwa nzima bila maji, hiyo ni dhambi, hata kama mwenyewe yuko kwenye maombi ya kufunga. Wanyama wanaingia hata katika amri ya Sabato (Kutoka 20:10). Kamba ikizunguka mti mara tatu, mnyama anajinyonga. Mbuzi hapendi unyevu; akilala katika tope na mkojo wake kila usiku, ataanza kukohoa na kwato zitaoza, kwa hiyo wenyeji wanaweka sakafu ya miti iliyoinuka juu ya ardhi, nasi tufanye hivyo. Maganda mabichi ya muhogo mchungu yana sumu. Yaanikwe juani mpaka yakauke vizuri. Mbuzi akishika mimba anakaa karibu miezi mitano, na wakati huo asipigwe, asikimbizwe na watoto.

Ndugu mmoja alikuja kwetu na hofu kubwa akasema mbuzi wake amelogwa, kwa kuwa hana meno ya mbele juu. Wapendwa, hakuna mbuzi mwenye meno hayo! Mungu alimuumba hivyo, meno ya mbele yako chini tu, na kwa hayo wazoefu wanakadiria umri wake. Tusiwe wepesi kutafuta mchawi penye jambo ambalo jirani angetueleza kwa dakika moja.

Na hapo kwa jirani ndipo moyo wa neno letu ulipo. Mwezi uliopita mbuzi wa mama mmoja wa kanisa, mjane kutoka Goma mwenye watoto wanne, alikata kamba usiku akaingia katika maharage ya mzee jirani. Asubuhi mistari miwili ilikuwa imekwisha. Mnajua parseli zetu zilivyo ndogo. Mistari miwili ni chakula cha siku nyingi. Mzee huyo ni wa kabila ambalo huko nyumbani, tuseme ukweli, wengi wetu tulifundishwa kutokaa nalo. Na yeye pia alifundishwa hivyo juu yetu. Huko kwetu ng'ombe ameibwa, watu wakafuata, vijiji vikaungua. Kwa hiyo watu walipoanza kukusanyika na kelele za lugha mbili zikapanda, haikuwa tena habari ya maharage. Vijana wa pande zote walikuwa wameshika fimbo.

Tulipofika na mwenyekiti wa kijiji, tulisoma Kutoka 22:5 mbele ya wote. Sheria hiyo ni ngumu. Aliyeacha mnyama wake kula shamba la mwenzake hana budi kulipa, na anapaswa kulipa kutoka katika sehemu bora ya shamba lake mwenyewe. Haisemi alipe kama wametoka kabila moja. Haimwachilii kwa kuwa ni mjane au ni mgeni wa ufugaji. Mama alikubali atalipa debe moja la maharage siku ya mavuno. Alilia, lakini alikubali. Ndipo mzee akaenda kuiangalia kamba iliyobaki kwenye mti. Akasema, "Binti yangu, mbuzi hafungwi fundo hili. Fundo hili ni la kufunga mzigo." Akapiga magoti pale chini akamwonyesha fundo, akalifungua, akampa alifunge mwenyewe, mara tatu, mbele ya vijana wale wenye fimbo.

Torati ilikwisha kuliona jambo hili. Kutoka 23:4-5 inasema juu ya ng'ombe au punda wa adui yako, si wa rafiki yako. Ukimwona amepotea umrudishe, ukimwona ameanguka chini ya mzigo umsaidie kumwinua. Na kumwinua punda aliyeanguka ni kazi ya watu wawili. Mmoja atashika huku na mwingine kule, nao watalazimika kusemezana. Sisi hatujui mahali pengine ambapo Mungu anawapatanisha watu kwa njia rahisi hivi. Katika kambi hii wanaojua mifugo na wanaojua cherehani, hesabu au useremala si watu wa kabila moja. Tukikataa kufundishwa na yule, mbuzi wetu watakufa. Naye akikataa kufundishwa nasi, mtoto wake atakaa bila kusoma.

Mambo mawili mafupi kwa wazazi. Mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe, hata kama nyumba ina njaa. Kumbukumbu la Torati 14:21 ilikwisha kuwakataza Waisraeli, na ugonjwa wa kimeta unaua watu kwa njia hiyo hiyo. Na mtoto akiumwa na mbwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Msingoje tuje kumwombea kwanza, tutamwombea huko huko njiani.

Yule mzee amekubali kutuonyesha mafundo, na namna ya kukagua kwato na macho ya mbuzi, Jumamosi saa tatu asubuhi nyuma ya kanisa. Yeye si wa kanisa letu wala hatukumtaka awe. Mama yule ndiye atakayetafsiri, kwa maana ameanza kuishika lugha yake. Vijana waliokuwa na fimbo siku ile, wa pande zote, wamealikwa kwa majina. Kila mtu aje na kamba yake.