Jina Ni Amana

Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja alipokea mkononi mwangu mswada wa tungo zangu, akalitazama jina, akaniuliza: “Maalim, wewe ni wa ukoo wa yule malenga?” Nikamjibu la, tumelingana jina tu. Akaufunga mswada kabla hajasoma ubeti mmoja. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: jina humpa mtu haki gani, na humnyima ipi?

Wahenga walinena kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Na tuupime usemi huo kwa ukoo wa Strauss, wa mjini Vienna, nchini Austria. Johann Strauss (1804–1849) alivuma kwa walzi, muziki wa dansi wenye mapigo matatu. Mhunzi huyu hakutaka mwanawe asane wala avukute: alimkataza Johann mdogo asiwe mwanamuziki. Baba alipoihama nyumba, mama yake, Anna, ndiye aliyemsimamia kijana hata akajifunza. Oktoba 1844, akiwa na miaka 18, mwana alisimama mbele ya bendi yake mwenyewe, kwa jina lile lile la baba, akawa mshindani wake. Mwaka 1848, mapinduzi yalipozuka Vienna, baba alitunga muziki wa gwaride wa kumtukuza Jemadari Radetzky, aliyelipigania taji la kaisari nchini Italia. Mwana akawatungia wanamapinduzi.

Nduguye, Josef, alikuwa mhandisi. Kaka yake alipougua mwaka 1853, aliombwa aishike okestra kwa muda. Akabaki katika muziki hadi alipofariki mwaka 1870. Mdogo wao, Eduard, aliiongoza okestra ya ukoo mpaka alipoivunja mwaka 1901. Kisha, mwaka 1907, aliyatia tanurini makaratasi ya muziki ya okestra ile, yakateketea.

Je, arithiye kitu ana haki ya kukichoma? Atakayesema kuwa kilikuwa chake, na akubali pia kuwa baba alikuwa na haki ya kumfungia mwanawe mlango. Wote wawili walilishika jina kama mali. Mimi naliona kuwa ni amana, na mwenye kuwekewa amana hutakiwa aifikishe.

Aifikishe kwa nani? Richard Strauss (1864–1949), mzaliwa wa Munich, Ujerumani, hakuwa na nasaba yoyote na watu hao wa Vienna. Alijulikana kwa tungo kubwa za okestra na kwa opera. Mwaka 1911, miaka minne baada ya moto wa Eduard, ilichezwa opera yake Der Rosenkavalier, kisa cha mjini Vienna, na ndani yake mna walzi. Kwa damu hakurithi kwao hata noti moja. Alirithi kwa kusikiliza.

Kwetu pwani, jina la pili la mtu aghalabu ni la babaye, na kwa wajukuu si jina la pili tena. Beti hubaki kwa azishikaye. Mimi sikufundishwa ushairi darasani. Niliupata kwa kuwasikiliza waliojua, na yule malenga tuliyelingana jina ni mmojawapo. Kijana yule akirudi, nitamwambia: “Mwanangu, kwa nasaba si wake. Fungua usome kwanza, kisha useme kama sikurithi.”