Mrina Asali Mwenye Haraka

Magoti ya mjomba yalipokataa kupanda, mizinga ikabaki mikononi mwa mpwa. Ilikuwa mizinga ya magogo, imetundikwa kwenye miombo ya Sikonge, mkoani Tabora, mwendo wa nusu siku kutoka kijijini. Kijana aliizoea njia hiyo tangu utotoni, kwani ndiye aliyekuwa akishika kamba na kupokea ndoo. Juu ya mti hakuwahi kufika. Kwa hiyo urinaji aliujua wote, isipokuwa kile alichokuwa akikifanya mjomba kule juu gizani.

Mzee alimwelekeza. "Fungua mlango wa nyuma, siyo upande wanaopita nyuki. Sega lililofunikwa nta, kata. Lililo wazi, liache. Ukikuta majana, umeshavuka mpaka, funga, ushuke."

"Sawa, mjomba."

"Na moto usiuache nyuma yako."

"Sawa, mjomba." Hii "sawa" ya pili aliitoa akiwa tayari ameshika mlango.

Maelekezo hayo mafupi yamebeba elimu nzima. Nyuki hulea majana, yaani watoto wao, karibu na tundu la kuingilia, asali wakaiweka mbali zaidi ndani. Mbochi wanaouleta kutoka kwenye maua ni mwepesi, mara nyingi zaidi ya nusu yake ni maji. Huupepea kwa mbawa mpaka maji yabaki chini ya asilimia 20 hivi, ndipo wanapofunika kila kijumba kwa nta. Kifuniko hicho ni cheti: asali imeiva, haitachacha. Ulimi hautoi cheti kama hicho, kwa maana hata asali mbichi ni tamu.

Kijana aliutegemea ulimi. Mnunuzi alikuwa ameahidi kulipa kwa kilo, na yeye alikuwa ameshatoa malipo ya kwanza ya pikipiki. Mzinga wa kwanza ulimpa masega meupe yaliyofunikwa vizuri, lakini ndoo haikufika nusu. Akaingiza mkono mbele zaidi, akakata yaliyo wazi. Akaonja, akaona hakuna tofauti. Ndoo ilikuwa bado haijajaa, akazidi kusogea hadi akafika kwenye majana, meupe, yamejikunja vijumbani mwao. Akayatia humohumo na kuyakamua pamoja na asali, maji yao ya rangi ya maziwa yakachuruzika kati ya vidole vyake.

Bomba la moshi hakuwa nalo. Alikuwa na mwenge wa magome makavu, na kadiri alivyoumwa ndivyo alivyouchochea uwake badala ya kufuka. Nyuki waliungua, wakadondoka kwenye nyasi, na kipande cha mwenge kikawafuata. Alishuka, akakikanyaga mara mbili, akaenda kwenye mti mwingine. Ulikuwa mwezi wa saba, nyasi zimekauka. Kulipopambazuka moto ulikuwa umeshaingia upande wa jirani na kuteketeza mizinga yake minne.

Ndoo zilikaa nyumbani wiki kadhaa zikimsubiri mnunuzi. Vifuniko vikaanza kufura. Mnunuzi alipofungua ya kwanza, povu lilipanda na harufu ikajaza chumba. Alichovya kidole, akalamba, akafunika.

"Hii si asali tena, ndugu yangu. Tayari ni wanzuki. Ipeleke kilabuni."

Nyuki wetu wa Afrika ni wepesi wa kuhama. Ukiwaharibia watoto na kuwanyang'anya akiba yote, hawabaki kukungoja wewe na msimu ujao. Mvua zilipoanza, kijana alirudi porini akakuta buibui, na masega yaliyobaki yametafunwa na viwavi wa nondo.

Wapo wataalamu wanaoutupia lawama mzinga wa gogo, wakisifu ule wa kisasa wenye viunzi, unaokuruhusu kuinua sega mojamoja na kulirudisha. Sifa hizo ni za kweli. Lakini mjomba alivuna miaka mingi kwenye magogo hayohayo na nyuki hawakuhama. Mkono usioridhika utaumaliza hata mzinga wa viunzi.

Kikao cha kijiji kiliamua kijana amlipe jirani mizinga minne. Alitaka kuimaliza upesi, akachukua shoka akabandue gome la mti mbichi, kwa kuwa mzinga wa gome hutengenezwa haraka. Mjomba alimzuia mlangoni.

"Ukiuvua mti gome lake lote, unakufa. Na maua ya nyuki utayatoa wapi, mjomba?"

Ikabidi atafute gogo lililoanguka, alipasue, alichimbe kwa tezo. Siku ya kukabidhi mzinga wa kwanza, jirani aliuelekeza kwenye jua, akachungulia ndani, akaona ufa. Akaurudisha.