Kulala Njiani, au Kufika Usiku?

Huko Marekani wako watu wengi, hasa wazee waliokwisha kuacha kazi, ambao wakati wa baridi huondoka kaskazini wakaenda kukaa Arizona penye jua. Hawapangi nyumba huko, maana huja nayo. Motokaa yao hukokota trela lililofanywa nyumba. Ndani yake mna kitanda, jiko, meza na tangi la maji. Hata Afrika nyumba hizi zimeonekana: mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam aliongoza msafara wa matrela 41 toka Cape Town, ukapita Kenya na Ethiopia, ukafika Cairo mwaka 1960.

Basi na tuwafikiri mume na mke wa namna hiyo, wanaorudi kwao Duluth, mji ulio kwenye ncha ya ziwa Superior. Toka Quartzsite, Arizona, safari yao ni maili 2,000 hivi. Hupanda mpaka Flagstaff penye misunobari, huvuka New Mexico, huingia nyika ya Texas karibu na Amarillo, ambako upepo hauna kilima cha kuuzuia. Kisha Oklahoma City, na toka hapo barabara moja huelekea kaskazini hata kwao. Siku za kwanza hawana neno. Husimama mapema, hupika, hulala. Lakini kadiri nyumbani panapokaribia, ndivyo mume anavyozidi kukanyaga mafuta. Jioni moja wako Des Moines, zimebaki maili 400, na upepo wavuma ubavuni. Mke asema, “Tulale hapa.” Mume ajibu, “Tumekwisha kufika.”

Ni nani mwenye haki?

Kwanza tulitazame trela lenyewe. Mizigo ikilundikwa nyuma, au mwendo ukizidi, au upepo ukilipiga ubavuni, huanza kuyumba kushoto na kuume, na kuyumba huko huongezeka, hata trela likaivuta motokaa badala ya kuvutwa nayo. Wenye ujuzi hufundisha hivi: usikanyage breki kwa nguvu, wala usigeuze usukani kwa ghafula, ondoa mguu kwenye mafuta, ufunge kwa mkono breki za trela peke yake. Lakini mtu aliyechoka, usiku, akistushwa hufanya nini? Hukanyaga breki.

Mume aweza kusema, wala sioni kuwa neno lake ni la upuzi, ya kwamba kila hofu ya mke ikisimamisha gari hawatafika kamwe. Ni kweli, iko hofu isiyo na macho. Lakini nani atapima kama hofu hii ina macho au haina? Si mwenye usukani peke yake, kwa kuwa haraka yake ndiyo iliyoshitakiwa. Mshitakiwa hawi mwamuzi. Tena hatari haigawanywi kwa kadiri ya mikono iliyoshika usukani. Mke amekaa mle mle, mwili wake u hatarini sawasawa na wa mumewe, ila yeye hana cha kushika. Alicho nacho ni neno lake tu. Likidharauliwa, amebaki kama mzigo mmojawapo wa trela.

Na hasara hazilingani. Mke akiwa amekosea, wamepoteza usiku mmoja. Mume akiwa amekosea, labda hapatakuwa na mtu wa kumwomba radhi.

Liko na jambo linaloniudhi kidogo. Msafiri mwingine aweza kujitetea kwamba hana pa kulala, wala fedha ya kulipia chumba. Huyu kitanda chake ki nyuma yake, amekikokota siku nyingi! Nadhani kinachomvuta usiku huo si nyumbani, bali ni kuwaambia majirani, “Tulikuja kwa siku nne.”

Wengine watasema kwamba mume ndiye kiongozi wa safari. Haya, na tumfuate kiongozi huyu mpaka kambini. Kuingiza trela mahali pake yampasa arudi kinyumenyume, asione kilicho nyuma. Akitaka liende kuume, hugeuza usukani kushoto. Mkewe hushuka, husimama nyuma na taa gizani, naye hufuata mkono wake. Mke akisema, “Simama,” husimama papo hapo, asiulize sababu, wala hakuna hata mmoja kambini anayemwona kuwa amepungukiwa na heshima.

Neno hilo ndilo alilolisema mkewe jioni ile kule Des Moines.