Kukimbilia Risasi Kabla ya Katazo: Ni Haki au ni Khofu?

Kuna jambo hutokea Marekani ambalo linastahili kutafakariwa na kila anayejali maadili, hata kama hajawahi kushika bunduki maishani mwake. Kila zinapovuma habari kwamba serikali inataka kupiga marufuku aina fulani za bunduki, watu hawasubiri sheria ipite. Hufurika madukani wakanunua risasi kwa makasha, magazini, mitutu na springi, wakaweka ndani. Swali letu ni hili: kitu ambacho huenda kesho kikakatazwa, je, ni sawa kujilimbikizia leo kwa kuwa tu bado hakijakatazwa?

Tuanze na historia. Septemba 1994 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyozuia kutengenezwa na kuuzwa kwa raia bunduki kadhaa zenye sura ya kivita, pamoja na magazini zinazobeba zaidi ya risasi 10. Lakini sheria ile iliacha mlango wazi: kilichotengenezwa kabla ya siku hiyo kiliendelea kumilikiwa na kuuzwa kihalali. Viwanda vikaongeza uzalishaji kabla siku haijafika, na bei zikapanda. Septemba 2004 sheria ikafikia ukomo wake wa miaka 10 na haikuhuishwa. Wengi wakabaki na somo moja, kwamba anayewahi ndiye anayesalimika.

Somo hilo lilionekana Desemba 2012, pale watoto 20 na watu wazima 6 walipouawa kwa risasi katika shule ya msingi ya Sandy Hook, mjini Newtown. Maiti zilikuwa hazijazikwa zote, na tayari mbio za madukani zilikuwa zimeanza. Mwezi ule FBI ilipokea maombi zaidi ya milioni 2.7 ya kuchunguza wanunuzi wa bunduki, idadi ambayo ilikuwa haijafikiwa kabla. Risasi ndogo za .22, zinazotumika kwa mazoezi na kuwinda wanyama wadogo, ziliadimika kwa muda mrefu. Aprili 2013 Seneti ikakataa hoja ya katazo. Majimbo machache, kama New York na Connecticut, yalipitisha sheria zao, lakini katazo la nchi nzima halikuja. Uhaba ndio uliokuja, na ulisababishwa na wale wale waliouogopa.

Tuwatendee haki wanunuzi hawa. Wanasema Katiba yao, katika marekebisho ya mwaka 1791, inawapa haki ya kuwa na silaha. Wapo wanaoishi mashambani, mbali na kituo cha polisi. Wapo wawindaji. Nao wanauliza: kununua kitu halali, kwa fedha halali, siku ambayo ni halali, kosa liko wapi? Hoja hii si ya kudharauliwa. Kisheria hawana kosa.

Hata hivyo, uhalali wa siku ya kununua haujibu swali la kiasi na la nia. Mtu aliyekuwa akitosheka na risasi 200 kwa msimu mzima wa kuwinda, akinunua 5,000 baada ya kusikia taarifa ya habari, mahitaji yake hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni khofu, na khofu hiyo ina wanaoichuma. Sisi tunaifahamu tabia hii kwa sukari inayofichwa Ramadhani inapokaribia. Wanazuoni wanaiita ihtikari, na Mtume (s.a.w.) amemhesabu mwenye kuifanya kuwa ni mkosaji. Ni kweli kwamba anayenunua kwa matumizi yake si sawa na anayeficha ili auze bei ikipanda. Lakini huyu wa pili naye yumo katika foleni ile, na faida anayoisubiri imetokana na misiba ya watu.

Ipo tofauti nyingine. Sukari ikiharibika, hasara ni ya mwenye ghala. Risasi ikitunzwa vizuri hudumu miaka mingi. Mnunuzi anaijua nia yake leo. Haijui ya mwizi, ya mrithi, wala ya kijana wake siku ya hasira. Bunduki iliyotumika Sandy Hook ilinunuliwa kihalali na mama wa muuaji, naye mama huyo ndiye aliyeuawa kwanza.

Ijumaa ya Machi 15, 2019, Waislamu 51 waliuawa katika misikiti miwili mjini Christchurch, New Zealand. Muuaji alikuwa na leseni. Magazini kubwa alizotumia ziliweza kununuliwa wakati huo bila kibali. Siku 6 baadaye Waziri Mkuu Jacinda Ardern alitangaza katazo, na hatua ya dharura ikaanza kazi saa 9 alasiri siku hiyo hiyo, ili watu wasipate mwanya wa kulimbikiza kabla Bunge halijapitisha sheria.

Serikali inaweza kuuziba mwanya huo. Pale inaposhindwa, inabaki dhamiri. Imepokewa katika Sahih Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri kwamba kabla pombe haijaharamishwa kabisa, Mtume (s.a.w.) aliwadokeza watu kuwa huenda amri ikashuka, hivyo mwenye nayo aiuze mapema. Haukupita muda ikaharamishwa, na waliobaki nayo wakaimwaga katika njia za Madina. Silaha si sawa na pombe, kwa kuwa silaha ina matumizi ya halali. Mazingatio yetu ni jinsi walivyoutumia ule muda wa kabla ya katazo: waliambiwa wajiandae kuachana nacho, na hakuna aliyeelekezwa kujaza ghala.

Basi anayesimama katika foleni ile ajiulize mambo matatu. Je, angekinunua kama pasingekuwa na uvumi wa katazo? Je, angenunua kiasi hiki? Na akifa, kitaangukia mikononi mwa nani? Akikosa majibu, risiti ya dukani haitamjibia.

Wallahu aalam.