Mchezaji Akiumia, Dhamana ni ya Nani?

Katika viwanja vya Karagwe na Kyerwa, kijana akivunjika mguu kwenye mashindano ya kugombea mbuzi, utasikia watu wakisema: "Kajitakia mwenyewe." Kisha hupitishwa mchango, na aliyekusanya viingilio huondoka na fedha zake. Je, hiyo ni haki?

Swali hili limekwishafika mahakamani huko Marekani. Derek Boogaard alicheza hoki ya barafu ya kulipwa, na kazi yake hasa ilikuwa kupigana ngumi uwanjani kuwalinda wenzake. Familia yake ilidai kuwa madaktari wa timu walimwandikia vidonge vikali vya maumivu mpaka akawa mraibu. Mei 2011 alifariki, akiwa na miaka 28, kwa kuchanganya vidonge na pombe. Familia iliishitaki ligi ya NHL, kesi ikatupwa mwaka 2017. Mwaka uliofuata ligi hiyo ilikubali kutoa dola milioni 18.9 kwa wachezaji wengine wa zamani walioshitaki kwa majeraha ya kichwa, lakini haikukiri kosa.

Hapa kwetu, Desemba 2024, bondia Hassan Mgaya alifariki jijini Dar es Salaam baada ya kuangushwa ulingoni. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008 inamlinda mwajiriwa. Mtu anayelipwa kwa pambano moja moja ni mwajiriwa wa nani?

Watetezi wa waandaaji watasema: aliridhia, tena alilipwa. Ni kweli kuwa mtu mzima ataulizwa juu ya nafsi yake. Lakini ridhaa ni ya mtu anayejua anachokiridhia. Anayechomwa sindano ya ganzi ili amalize dakika 90 haelezwi goti lake litakuwaje akifika miaka 40. Isitoshe, mwili ni amana, si bidhaa ya kuuza.

Mafakihi wana kanuni kuwa hasara humfuata mwenye faida. Aidha, Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa anayejitia utabibu asioujua hubeba dhamana ya madhara yake. Basi kocha anayegawa vidonge hawezi kujificha nyuma ya ridhaa ya mchezaji.

Hatusemi michezo ifutwe. Tunasema sehemu ya viingilio itengwe kwa matibabu kabla ya kipenga, awepo mganga, na dawa zitolewe naye tu. Mwandaaji asiyeyaweza hayo, ni afadhali asiandae.

Wallahu a'lam.