Mifupa Ina Jina

Aprili 2023 serikali ilianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili ilipita 400. Walikuwa waumini, watu walioomba na kufunga kama sisi. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, kwa sababu sura zilikuwa zimeharibika na ilibidi DNA iseme.

Inasemaje? Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo naielewa kama risiti na kitabu cha hesabu. Mfupa ni risiti. Kitabu ni mzazi au mtoto aliye hai, anayepanguswa kwa pamba ndani ya shavu. Kila mtu hupata nusu ya DNA yake kwa baba na nusu kwa mama, ndio maana hesabu inalingana. Asipojitokeza mtu wa damu, mfupa unabaki na nambari tu.

Hapa Isiolo tukiuliza "Huyo ni wa wapi?" tunamaanisha Mborana, Mturkana, Msomali, Msamburu ama Mmeru. Lakini wanasayansi wanatuambia Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za DNA duniani, na sehemu kubwa ya tofauti hizo iko ndani ya kabila lenyewe, sio kati ya kabila na kabila. Ukitaja kabila la maiti bado hujamjua. Swali linalomrudisha nyumbani ni hili: mamako ni nani?

Sasa, je, tuna deni kwa mfu? Wengine husema roho imeenda, mwili ni udongo. Lakini Musa alibeba mifupa ya Yusufu kutoka Misri (Kutoka 13:19). Rispa naye alikaa mwambani akifukuza ndege na wanyama wasiguse miili ya wanawe (2 Samweli 21). Hangeweza kuwafufua. Alikataa tu watupwe kama hawakuwa na mama. Daudi aliposikia, akaenda kukusanya mifupa.

Rispa hakuona haya, ingawa wanawe walitundikwa hadharani. Sisi je? Tukisema kanisani "hao walikosa akili," tunamfungia mlango mama anayetaka kwenda kutoa sampuli. Kama kwenu kuna aliyemfuata mhubiri akapotea, njoo uniambie. Hatutakucheka. Tutakusindikiza.

Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kwa majina. Tusiwaache wetu na nambari. Amina.